UKIISHA KULIPA DENI, NGOJA KWANZA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu hii ili nieleze jambo moja ambalo nimeliona katika genge letu, na ambalo limenipata mimi mwenyewe. Sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi ya misheni huku kwetu Mukurweini, kisha nikashika sururu na kuingia kazi ya njia ya reli. Lakini hesabu ya kujumlisha na kutoa nilifundishwa vizuri, na jambo hili ni la kujumlisha na kutoa tu.

Jambo lenyewe ni hili. Mfanya kazi ameandikwa CRB kwa sababu ya deni. Anaona aibu, anajinyima, analipa mpaka shilingi ya mwisho. Jioni ile ile anauliza wenzake: "Sasa naweza kukopa wapi?" Ndugu zangu, swali hilo lina haraka. Kabla ya kuuliza wapi, yafaa tuulize lini. Wengi wetu tumeanguka mara ya pili kwa kuruka swali hilo, na mara ya pili huumiza kuliko ya kwanza, kwa maana hatuanguki peke yetu.

Kwanza tuelewe hiyo CRB ni kitu gani, kwa kuwa wengine wanaiogopa kama jini. Ni ofisi za kuweka kumbukumbu za mikopo, nazo zimepewa ruhusa na Benki Kuu ya Kenya. Kanuni zake zilianza kazi mwaka 2009. Mwanzoni zilikuwa zikipokea habari mbaya tu, yaani nani amekataa kulipa. Kanuni za mwaka 2013 ziliagiza kwamba habari njema nazo zipelekwe, yaani nani amelipa na kwa tarehe yake. Kanuni za Aprili 2020 zikasema kwamba deni lisilofika Sh. 1,000/- lisimtie mtu katika orodha mbaya. Tena kabla ya kukuandika, aliyekukopesha anapaswa kukupa notisi ya siku 30.

Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hawalijui. Ukimaliza kulipa, jina lako halifutwi siku hiyo. Habari ya deni lililoharibika hukaa miaka 5 tangu siku ulipolimaliza. Tofauti ni kwamba sasa imeandikwa kuwa umelipa. Basi mkopeshaji akifungua karatasi yako anaona mambo mawili: kwamba uliwahi kuanguka, na kwamba uliinuka. Atakalotaka kujua ni hili: tangu uinuke, umetembeaje? Ukienda kwake juma moja baada ya kulipa, huna jibu. Hujatembea bado.

Mimi sikulijua hilo. Mwaka 2021 mama yangu aliugua, nikakopa kwa simu mahali patatu. Mawili nikalipa. La tatu likanishinda, nikaandikwa. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasaidia watu kama mimi: wenye madeni ya simu ya siku 30 au chini, yaliyokuwa yameharibika, wasamehewe angalau nusu, na nusu iliyobaki walipe kabla ya mwisho wa Mei 2023. Watu zaidi ya milioni 4 walihesabiwa kuwa wanahusika. Deni langu lilikuwa limefika Sh. 6,400/-. Nikalipa Sh. 3,200/- mwezi wa Februari 2023, nikaona nimezaliwa upya.

Katika mwezi ule wa Machi niliomba mikopo mahali panne. Kwa nini? Nasema kweli: nilitaka kuonyesha kwamba mimi si mtu wa kuandikwa tena. Wawili walinikataa. Mmoja wa simu alinipa Sh. 5,000/-. Na SACCO ikanipa Sh. 90,000/-, kwa kuwa nilikuwa na akiba ya Sh. 30,000/- na wenzangu watatu wa genge walinidhamini. Nikanunua mtamba mwenye mimba, nikijua kwamba Mukurweini maziwa yana soko, na mwenye ng'ombe mzuri hupata malipo yake kila mwisho wa mwezi.

Angalieni kosa langu. Makato yalianza Aprili. Ng'ombe alizaa Novemba. Nilikuwa nimekopa kwa maziwa yaliyokuwa bado tumboni. Kosa la pili: nilihesabu ovataimu kama mshahara. Miezi ile tulikuwa na kazi nyingi ya kurudisha tuta lililobebwa na mvua, nikapata karibu Sh. 6,000/- zaidi kila mwezi. Agosti kazi hiyo ikaisha, na ovataimu ikaisha nayo. Mshahara mtupu haukuweza kubeba makato yote. SACCO ikakosa fedha yake miezi mitatu, Sh. 13,500/-, ikazikata kutoka kwa wadhamini wangu, Sh. 4,500/- kila mmoja.

Mmoja wao alikuwa na mtoto wa kuingia Fomu One Januari 2024. Alikwenda kukopa karo kwa akiba yake, akaambiwa ngoja, akiba yako imeguswa na dhamana ya mwenzako. Mtoto alichelewa kuripoti shule majuma matatu. Baba yake hakunisema vibaya. Tuliendelea kuinua taruma moja, yeye upande huu na mimi upande ule, na hakusema neno. Nyapara wetu, ambaye ni mzee na ndiye mdhamini wangu wa pili, aliniita kando akaniambia: "Kijana wangu, mimi nilikudhamini wewe. Sikumdhamini ng'ombe." Maneno hayo ningali nayo mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kazi yetu wenyewe inatufundisha jambo hili kila siku, na hatusikii. Njia ya Nairobi mpaka Nanyuki ilikuwa imelala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2020, na Desemba ya mwaka huo abiria wakapanda tena. Sisi watu wa njia twajua: mahali ulipobadilisha mataruma na kumwaga kokoto mpya, gari la kwanza halipiti kwa mwendo wa kawaida. Unaweka ubao wa kumwambia dereva aende pole pole. Reli imenyooka, macho yanaona ni nzuri, lakini kokoto bado hazijakaa. Magari machache mepesi hupita, kokoto zinashikana, unapima tena, unaongeza mwendo kidogo. Ndipo baadaye unauondoa ubao. Akija mtu akapitisha behewa za mzigo siku ya kwanza, njia itapinda, na hatalaumiwa aliyetengeneza bali aliyekosa subira.

Deni lililolipwa ni njia iliyotengenezwa upya. Ni nzuri, lakini haijakaa. Basi mfanya kazi atajuaje kwamba wakati wa kuomba umefika? Mimi nimejiwekea alama tano. Si sheria ya serikali. Ni kipimo changu baada ya kuumia.

(1) Uwe umeiona taarifa yako kwa macho yako. Kwa kanuni, kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila ofisi ya CRB. Metropol, TransUnion na Creditinfo ndizo zinazojulikana sana. Mimi nilipoitazama yangu mwaka 2024, lile deni la simu nililolipa 2023 bado lilionyeshwa kama halijalipwa, kwa sababu aliyenikopesha hakuwa amepeleka habari. Nilikuwa na ujumbe wa malipo katika simu yangu. Nikaandika barua ya kupinga, nikaambatisha ujumbe ule, na habari ikasahihishwa. Kama ningaliomba mkopo kabla ya kutazama, ningalikataliwa kwa deni nisilodaiwa. Kwa hiyo, ndugu, usifute ujumbe wa malipo katika simu. Huo ndio risiti yako.

(2) Uwe umelipa kitu kidogo kwa tarehe, kwa miezi isiyopungua sita. Kidogo ni kidogo kweli. Mimi nilianza kwa kuwarudishia wadhamini wangu fedha zao, nikamaliza Agosti 2024. Jambo hilo halimo katika taarifa ya CRB, lakini bila hilo nani angeweka sahihi yake tena kwa ajili yangu? Kisha nikachukua mkopo wa dharura wa SACCO, Sh. 10,000/-, nikaulipa miezi sita bila kuchelewa hata siku moja. Wengine wanautumia mfuko wa serikali wa Hustler Fund. Ulipoanza 30 Novemba 2022 ulikuwa ukitoa kuanzia Sh. 500/- mpaka Sh. 50,000/-, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kulipa kwa siku 14. Ukikopa Sh. 500/- na kulipa kwa wakati, unatembeza gari jepesi juu ya njia mpya. Ukikopa ili ule, unajidanganya.

(3) Mshahara mtupu uweze kubeba. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Tufanye hesabu ya mtu wa Sh. 24,000/-, bila ovataimu. Theluthi moja, Sh. 8,000/-, lazima abaki nayo. Theluthi mbili ni Sh. 16,000/-. Toa NSSF asilimia 6, Sh. 1,440/-. Toa bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, Sh. 660/-. Toa ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh. 360/-. Jumla Sh. 2,460/-. Zimebaki Sh. 13,540/-. Toa akiba ya SACCO, tuseme Sh. 2,000/-: zimebaki Sh. 11,540/-, na ada ya chama bado.

Wengi wakifika hapo hushangilia: "Naweza kukatwa Sh. 11,000/- kila mwezi!" La, ndugu zangu. Sheria imekuonyesha mahali njia inapokatika. Haikukuambia uendeshe gari mpaka hapo. Kwa Sh. 8,000/- utamlisha mke, watoto na mzazi? Utalipa nauli ya matatu kutoka Mukurweini mpaka Karatina kwenye stesheni? Utakopa tena kwa simu katikati ya mwezi, na mkopo wa simu wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5 ni Sh. 75/- kwa kila elfu moja. Ukiurudia kila mwezi, kwa mwaka umelipa Sh. 900/- kwa elfu ile moja, na elfu yenyewe bado unadaiwa. Mimi nimejiwekea mpaka wangu: mkopo mmoja tu, na kato lake lisizidi sehemu moja kwa tano ya mshahara mtupu.

(4) Kitu unachokopea kiwe na tarehe ya kurudisha. Kama ni ng'ombe, akamuliwe kabla ya kato la kwanza au karibu yake. Kama ni mbolea ya kahawa, ukumbuke malipo ya kahawa hayaji kila mwezi bali kato huja kila mwezi. Kama ni suti ya harusi au simu ya kuonekana, haina tarehe, na wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

(5) Omba mara moja, mahali pamoja. Kila mkopeshaji anayechungulia taarifa yako huacha alama kwamba amechungulia. Atakayekuja wa tano akiona wanne wamechungulia katika mwezi mmoja, atajiuliza: mtu huyu ana moto gani nyumbani? Na mahali pa kwanza pawe pale unapojulikana. SACCO inaijua akiba yako na tabia yako. Nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Ukikataliwa, usikimbilie mlango mwingine siku hiyo. Uliza sababu, itengeneze, rudi baada ya miezi.

Najua wengine watasema: "Huyu anatufundisha kungoja, lakini njaa haingoji." Ni kweli, na mimi sisemi mtoto akiugua usiku umwambie asubiri miezi sita. Lakini tutenganishe mambo mawili. Ugonjwa na msiba havina tarehe. Kwa hayo tuna mchango wa genge, tuna jamaa, na hakuna aibu kuomba. Karo ya shule ina tarehe. Januari inajulikana tangu Januari nyingine. Kodi, mbolea, sare, vyote vina tarehe. Mtu akikopa kwa jambo lililojulikana mwaka mzima, hakukopa kwa dharura. Alikopa kwa usahaulifu. Sh. 300/- kila juma ni Sh. 15,600/- kwa mwaka, na hazina mdhamini wala riba.

Wengine watasema kosa si la mfanya kazi, ni la mishahara midogo. Hapo naungana nao kwa mikono miwili. Mtu anayelipwa mshahara wa kutosha hakopi unga. Hiyo ndiyo sababu tuna chama. Lakini mpaka siku mshahara utakapopanda, mshahara huu mdogo ndio unaotukopea, na ukiharibika hatuna mwingine.

Kwa hiyo naomba tawi letu lifikirie mambo matatu.

Jambo la kwanza, kila mwaka iwekwe siku moja ambayo wanachama watasaidiwa kupata taarifa zao za CRB na kuzisoma. Kuna wazee katika genge ambao hawajui kama wameandikwa, na kuna vijana wanaolipa watu wa barabarani wanaodai kwamba wanaweza "kusafisha jina". Hakuna asafishaye jina kwa hongo. Jina husafishwa kwa kulipa, na kwa kusahihisha kilichoandikwa kwa makosa.

Jambo la pili, chama kiangalie makato yanayokatwa na mwajiri yeyote kwa ajili ya SACCO. Katika nchi hii waajiri wengi wamelaumiwa kwa kukata fedha na kuchelewa kuzipeleka, na mfanya kazi huonekana mkosaji ilhali karatasi yake ya mshahara yaonyesha amekatwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997, kifungu cha 35, iliweka siku saba, na mwajiri anayekiuka akalipe na riba isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi. Wawakilishi wetu waijue sheria hiyo, na kila mwanachama atunze karatasi zake za mshahara.

Jambo la tatu, kabla ya mtu kudhaminiwa, wadhamini waone karatasi yake ya mshahara, ile isiyo na ovataimu. Siyo dharau. Wadhamini wangu wangaliona yangu mwaka 2023, wangaliniambia ngoja, na ningalikasirika siku mbili. Hasira ya siku mbili ni nafuu kuliko mtoto wa mwenzangu kukosa majuma matatu ya shule.

Mwisho nitawaeleza nilipofika. Machi 2025 niliomba SACCO Sh. 40,000/- kwa tangi la maji na kurekebisha zizi. Ng'ombe alikuwa anakamuliwa tayari. Kato ni Sh. 2,100/- hivi kwa mwezi. Nilihitaji wadhamini wawili. Nilimwendea nyapara kwanza, nikampa karatasi ya mshahara na taarifa ya CRB, akavaa miwani akasoma polepole, kisha akaweka sahihi. Wa pili niliyemwendea ni yule ambaye mtoto wake alichelewa shule. Alinitazama kwa muda, akasema: "Bado, ndugu yangu. Mwaka ujao uniulize tena." Sikumlaumu. Nilimtafuta mdhamini mwingine.

CRB inaweka kumbukumbu miaka 5. Binadamu huweka kwa muda wake mwenyewe. Mwaka ujao nitamwuliza tena, siyo kwa sababu nitataka mkopo, bali nijue kama njia imekaa.

Ndugu wafanya kazi, lipeni madeni yenu, kisha ngojeni kidogo. Umoja ni nguvu.

Ni mimi, mwenzenu wa genge la njia,
Mukurweini